Sinema ya Nyumbani (3): Filamu Inapoganda, Tumlaumu Nani?

Katika sehemu mbili zilizotangulia tulitazama namna ya kuunda kompyuta ya sebuleni na namna ya kupanga filamu katika diski zake. Leo tunaingia kwenye lalamiko ambalo kila mwenye mashine ya aina hii hulitoa mapema au baadaye: picha inakwenda vizuri kwa nusu saa, inaganda, kiduara kinazunguka, kisha mambo yanarudi kama kawaida kana kwamba hakuna kilichotokea. Jibu la haraka la wengi ni kwamba kasi haitoshi. Mmoja anapandisha kifurushi cha intaneti, mwingine ananunua ruta yenye antena nyingi zaidi, wa tatu anatupa diski. Hoja ya makala haya ni kwamba kasi inastahili kushukiwa mwisho kabisa. Kinachoikwamisha filamu mara nyingi ni ukimya wa sekunde tatu au kumi, pale kifaa kimoja katika mlolongo kinapoacha kutoa data, hata kama wastani wake kwa saa nzima ni mzuri ajabu. Na kwa kuwa vipimo vingi tunavyotumia hupima wastani, vinapita juu ya kosa lenyewe bila kuligusa.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayoondoa washukiwa wengi kwa mpigo mmoja. Kasi ya mtandao hutajwa kwa megabiti na ya diski kwa megabaiti, na megabaiti moja ni megabiti nane. Asiyeizingatia tofauti hiyo atalinganisha vitu visivyolingana. Filamu ya DVD haizidi megabiti 10 hivi kwa sekunde. Ya Blu-ray ina kikomo cha megabiti 48. Ile ya Ultra HD Blu-ray, nzito kuliko zote anazoweza kuwa nazo mtu wa kawaida, inaweza kufika megabiti 128, yaani megabaiti 16 kwa sekunde. Sasa diski ya kawaida inayozunguka, hata ya miaka kumi iliyopita, husoma faili kubwa kwa zaidi ya megabaiti 100 kwa sekunde. Mlango wa USB 2.0, teknolojia ya mwaka 2000, hutoa megabaiti 30 na ushee. Waya wa mtandao wa gigabiti hupitisha kama megabaiti 110. Kwa hesabu hiyo hakuna kati ya viungo hivyo kinachokaribia kuzidiwa kikiwa kizima, na bado filamu inaganda.

Maelezo yako kwenye akiba ya muda, yaani sehemu ya kumbukumbu ambayo mchezaji wa filamu huijaza mapema ili asitegemee diski au mtandao papo kwa papo. Mkazi wa mjini anayepata maji kwa mgao anaijua hali hii: maji ya wiki nzima yanaweza kutosha kabisa, lakini kama chombo chake ni ndoo mbili tu, Jumanne atakaukiwa. Programu ya kuchezea filamu ya Kodi, isipobadilishwa mipangilio yake, hutenga megabaiti 20 kwa kazi hiyo. Filamu ya megabiti 80 hula megabaiti 10 kila sekunde, kwa hiyo akiba hiyo inakwisha kwa sekunde mbili. Diski iliyolala ili kuokoa umeme huhitaji sekunde kadhaa, wakati mwingine karibu kumi, kuamka na kufikia mzunguko wake. Diski iliyokutana na sekta isiyosomeka hurudia kuisoma tena na tena. Zile zilizotengenezwa kwa ajili ya hifadhi za mtandao hukata tamaa baada ya kama sekunde saba, lakini za kompyuta za kawaida zinaweza kung'ang'ania dakika nzima au zaidi. Hakuna hata moja kati ya matukio hayo linaloshusha wastani wa saa moja kiasi cha kuonekana, na kila moja linatosha kuikausha akiba ya sekunde mbili.

Atakayesema basi tuongeze akiba hakosei. Kodi inaruhusu, na kwa kompyuta yenye gigabaiti nane za RAM hakuna sababu ya kubana. Diski inayolala au Wi-Fi inayoyumba kidogo itasamehewa bila mtazamaji kujua. Tatizo ni kwamba akiba kubwa haibagui: inaficha usingizi usio na madhara, na inaficha vilevile diski inayokufa. Kuganda kulikuwa kengele. Kwa hiyo tafuta chanzo kwanza, ongeza akiba baadaye.

Kabla ya kugusa chochote, itenge intaneti na mtandao wa nyumbani. Faili iliyo kwenye diski yako haitoki nje ya ukuta wako. Inatoka kwenye kompyuta, inapita kwenye ruta au swichi, inaingia kwenye runinga. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya na nchi jirani, filamu zilizohifadhiwa majumbani hazikuwa na sababu ya kiufundi ya kukwama. Ikiwa programu yako inagoma intaneti inapokatika, huenda ni moja ya zile zinazohitaji kuthibitisha akaunti kwenye seva za mbali, na hilo hurekebishwa kwenye mipangilio. Kuongeza kifurushi ili faili ya chumbani ifike sebuleni ni kulipia barabara ambayo mzigo hauipiti.

Hapo ndipo huja pingamizi lenye nguvu kuliko yote: mbona Netflix haigandi kwenye runinga hiyohiyo na Wi-Fi hiyohiyo? Si ushahidi kwamba mtandao wa nyumbani ni mzima? La. Netflix yenyewe inapendekeza megabiti 15 kwa picha ya 4K, sehemu ndogo tu ya kile ambacho diski ya Ultra HD inaweza kudai. Zaidi ya hapo, huduma hizo hubadilisha ubora kila mara kulingana na hali ya njia: Wi-Fi ikilegea, picha inapungua ukali kidogo, na watazamaji wengi hawatambui. Faili yako haina hiari hiyo. Tukio la mapigano lenye moshi na mvua lililohifadhiwa kwa megabiti 100 litadai megabiti 100, na zisipopatikana litasimama. Ulaini wa Netflix unathibitisha ujanja wa Netflix, basi.

Sasa swali ambalo, kwa maoni yangu, lina thamani kuliko kifaa chochote cha kupimia: je, filamu inaganda sekunde ileile kila unapoirudia? Ichezwe kwenye kompyuta yenyewe inayohifadhi faili, skrini ikiwa imechomekwa moja kwa moja, mtandao ukiwa nje ya mchezo. Ikiganda palepale, kosa liko kwenye diski, kwenye faili au kwenye kompyuta yenyewe. Inakili kwenye diski nyingine: ikikataa kunakiliwa au ikichukua muda mrefu kupita kiasi, ni diski, ikinakiliwa vizuri na bado ikaganda palepale, faili imeharibika au kompyuta inashindwa kuifumbua. Isipoganda kabisa kwenye kompyuta lakini ikaganda sebuleni, hapo una haki ya kuushuku mtandao. Tahadhari moja: Windows na Linux hukumbuka sehemu za faili zilizokwisha kusomwa, hivyo marudio ya pili yanaweza kupita bila diski kuguswa na kukupa faraja ya uongo. Zima na uwashe kompyuta kabla ya kurudia.

Diski ikishukiwa, isome kumbukumbu yake ya ndani iitwayo SMART kwa programu kama CrystalDiskInfo au smartmontools. Namba mbili zinatosha kwa mwanzo. Ya 197 inahesabu sekta zilizoshindwa kusomeka na zinazosubiri kuamuliwa. Ikiwa si sifuri na inapanda, nakili kwanza vile usivyoweza kuvipata tena, video za harusi na picha za wazazi kabla ya filamu za dukani, kisha ndipo uendelee na uchunguzi. Ya 199 ni ya kusikitisha kwa namna nyingine: huhesabu makosa ya mawasiliano kati ya diski na kompyuta, na mara nyingi mkosaji ni waya wa SATA uliolegea. Diski nzima zinatupwa kwa kosa la waya.

Je, kama SMART inasema diski ni nzima? Watu huipokea hukumu hiyo kama cheti cha daktari, na hapo utafiti unatuonya. Mwaka 2007 Eduardo Pinheiro na wenzake wa Google walichapisha uchunguzi wa diski zaidi ya 100,000. Waligundua kwamba diski ikionyesha kosa lake la kwanza la kusoma wakati wa ukaguzi, uwezekano wa kufa ndani ya siku 60 unakuwa mara 39 ya ule wa diski isiyo na kosa. Lakini waligundua pia kwamba zaidi ya asilimia 56 ya diski zilizokufa hazikuwa zimeonyesha dalili yoyote kati ya zile nne za SMART walizoziona kuwa na uzito. Maana yake ni kwamba SMART inapolia, amini, inaponyamaza, usihitimishe. Jaribio la kuganda sekunde ileile linabaki na nguvu hata ripoti ikiwa safi.

Ziko pia diski nzima zinazonyamaza kwa maumbile yake. Katika teknolojia ya SMR njia za data hupandana kama vigae vya paa, na kuandika mahali pamoja hulazimu kuandika upya majirani. Kwa kusoma tu haina shida. Lakini kompyuta inayopakua au kunakili huku watu wanatazama inaweza kuona diski ikisimama kujipanga upya. Mwaka 2020 Western Digital ilikiri kwamba baadhi ya diski zake za Red, zilizouzwa kwa ajili ya hifadhi za mtandao, zilitumia SMR bila wanunuzi kuelezwa wazi, na baadaye ikatenga jina la Red Plus kwa zile zisizoitumia. Sijui kwa nini maduka mengi bado huandika ukubwa wa diski kwa herufi nene na aina yake yakaiacha kabisa.

Upande wa mtandao, kosa ninaloliona kuwa la hila zaidi ni la waya. Gigabiti, kwa kiwango cha mwaka 1999, inahitaji jozi zote nne za nyuzi ndani ya waya. Megabiti 100 inahitaji jozi mbili tu. Uzi mmoja wa jozi mbili zinazobaki ukikatika, labda panya amepita au plagi haikubanwa sawasawa, vifaa vingi haviachi kuwasiliana. Vinashuka kimyakimya hadi megabiti 100, ambazo kwa vitendo ni kama 94. Barua pepe inakwenda, Netflix inakwenda, Blu-ray inakwenda. Filamu ya Ultra HD inakwenda pia, hadi pale tukio zito linapodai 110. Na kwa kuwa tukio hilo halihami, filamu itaganda sekunde ileile, na mtu atailaumu diski. Ndiyo maana jaribio la kwenye kompyuta yenyewe halirukwi. Fungua mipangilio ya mtandao uone kasi ya kiungo: ikisomeka 100 mahali ulipotarajia 1000, badilisha waya. Isipokuwa tatizo likiwa kwenye runinga, kwani nyingi, hata za bei, zina mlango wa waya wa megabiti 100 tu, na kwa hizo Wi-Fi nzuri ya masafa ya gigahezi 5 inaweza kuushinda waya.

Kuhusu Wi-Fi, mengi yamesemwa kuhusu kuta na majirani, na ni kweli: katika gigahezi 2.4 kuna chaneli tatu tu zisizoingiliana, 1, 6 na 11, na oveni ya maikrowevu hufanya kazi humohumo. Kinachosahaulika ni safari mbili. Kompyuta ikiwa kwenye Wi-Fi na runinga pia, kila kipande cha filamu hurushwa hewani mara mbili, kwenda kwa ruta na kutoka kwa ruta. Waya mmoja mfupi kati ya kompyuta na ruta hupunguza mzigo wa hewa kwa nusu. Na diski ya nje ya USB 3.0 isikae ubavuni mwa antena. Tangu 2012 Intel ilieleza jinsi mlango huo unavyotoa kelele ndani ya gigahezi 2.4. Kibodi isiyo na waya inayorukaruka herufi kila diski inapofanya kazi ni dalili yake.

Nigusie kwa kupita kosa lisilo la kuganda: folda kutoonekana kabisa. Baada ya shambulio la kirusi cha kompyuta cha WannaCry la Mei 2017, Windows 10 ya Oktoba mwaka huohuo iliacha kuwasha lugha ya zamani ya kushirikiana faili, SMB1, na vifaa vingi vya kuchezea filamu vilivyojua lugha hiyo tu vikapofuka. Kuiwasha upya ni rahisi, na ni vibaya kwa usalama.

Msomaji aweza kupinga: alinunua ruta mpya na kuganda kukaisha, kwa hiyo kasi ndiyo ilikuwa tatizo. Lakini pamoja na ruta mpya huja waya mpya ndani ya boksi, chaneli nyingine, na mahali pengine pa kuiweka. Vitu vinne vimebadilika na sifa imepewa kimoja. Badilisha kimoja, tazama, ndipo uguse kingine.

Inabaki ile hali inayotesa mafundi, ya kuganda mara moja kwa wiki bila mpangilio. Hapo andika saa na dakika, kisha fungua daftari la matukio la Windows. Tukio namba 153 la diski lina maana kwamba usomaji ulirudiwa. 129 kwamba mfumo ulilazimika kukianzisha upya kifaa. 7 kwamba sehemu ya diski imeharibika. Dakika zikilingana, fuata diski na waya wake, na usisahau adapta ya umeme ya diski ya nje. Zisipolingana, rudi kwenye mtandao. Kompyuta inayogeuza filamu kabla ya kuituma, hasa yenye manukuu ya picha, ina daftari lake na hila zake, nayo tumeiwekea sehemu ya nne.