Jasho la mwanamke wa kijijini lina mwenyewe

Msafiri anayetoka Dar es Salaam kwenda Tanga au Arusha hakosi kukutana na kina mama wa Handeni na Korogwe, ingawa aghalabu hajui kwamba amekutana nao. Basi likipunguza mwendo Mkata, Kabuku, Michungwani au Segera, mabeseni ya machungwa, karanga na mahindi ya kuchemsha huinuliwa hadi madirishani. Msafiri hupatana bei, hulipa na kuendelea na safari yake. Nyuma ya barabara ile kuu viko vijiji vingi, vikiwemo vya kata ya Kwaluguru wilayani Handeni, ambako mwanamke huamka kabla ya adhana ya Alfajiri ili alime, apike, asuke au abebe kitu cha kuuza.

Mwanamke huyu hana mwajiri wala mkataba. Hana likizo ya uzazi, na akizeeka hana kiinua mgongo. Wataalamu wa uchumi huiita kazi yake sekta isiyo rasmi. Sisi tunaiita kwa jina linalofahamika majumbani mwetu, yaani kutafuta riziki ya halali. Katika nyumba nyingi, fedha hizo chache ndizo zinazonunua chumvi, sabuni, daftari la mtoto na nauli ya kwenda zahanati. Hivyo basi, Ijumaa ya leo tumeona vyema tuyatazame mambo manne yanayompunguzia haki yake, nayo ni maji, vipimo, mikopo na matumizi ya nyumbani.

Saa zinazopotelea kisimani

Handeni ni nchi ya mvua za kusuasua. Vuli ikikosekana na masika yakachelewa, mahindi hunyauka na malambo hukauka. Mradi wa maji wa HTM, uliojengwa miaka ya 1970 ili kuyavuta maji ya Mto Pangani hadi Handeni, ulichakaa huku idadi ya watu ikiongezeka. Mwaka 2022 ilisainiwa mikataba ya maji ya miji 28 kwa fedha za mkopo kutoka India, na Handeni ni mmojawapo wa miji hiyo. Hilo ni jambo la kushukuriwa. Hata hivyo, bomba la mjini si bomba la kila kitongoji.

Anayeuza maandazi au chakula cha wapita njia hawezi kuanza kazi bila maji. Saa anazokaa foleni na ndoo ni saa ambazo hayupo guliiоni, na gulio halimsubiri mtu. Aghalabu pengo hilo huzibwa na binti, ambaye huchelewa shule kwa sababu ya ndoo, kisha jioni hutembezwa na sinia kichwani. Wazazi wenzetu, tujiulize: faida ya siku ile imelipiwa na nani? Ikiwa imelipiwa kwa masomo ya mtoto, basi tumekopa kwa kijana wetu deni ambalo hatuna namna ya kumrudishia.

Kipimo kinachokula jasho

Jambo la pili ni vipimo. Sheria ya Vipimo ya Tanzania hairuhusu gunia la mazao kuzidi kilo 100. Pamoja na hayo, mnunuzi huja kijijini na gunia la lumbesa, lililojazwa hadi kupita mdomo na kushonewa nyongeza juu, akalilipia bei ya gunia moja. Tuchukue mfano. Iwapo kila gunia limebeba kilo 130, basi mama aliyeuza magunia kumi ametoa kilo 300 bila malipo. Hayo ni magunia matatu kamili, pengine chakula cha nyumba yake kwa miezi kadhaa, nayo yameondoka mbele ya macho yake kwa jina la biashara.

Mwenyezi Mungu (S.W.) amewaonya vikali watu wa aina hiyo katika aya za mwanzo za Suratul Mutaffifin, kwamba ole wao wanaopokea kipimo kamili wanapopimiwa, na wanapopima wao hupunja. Onyo hilo halimhusu mnunuzi mwenye lori peke yake. Linamhusu pia muuzaji aliyebonyeza kitako cha kisado ili karanga zionekane nyingi. Haki ya kipimo ni ya pande zote mbili, na anayeidai ni vyema aanze kuitekeleza.

Jambo hili linashikana na ushuru. Mwaka 2017 Serikali iliondoa ushuru wa mazao kwa mtu anayesafirisha mzigo usiozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Kwa hiyo mama anayepeleka magunia yake mawili kutoka Handeni kwenda kuuza Korogwe alikusudiwa kunufaika na nafuu hiyo. Lakini nafuu isiyojulikana ni sawa na isiyokuwepo. Mtu asiyejua haki yake hutoa fedha kwenye kizuizi, hapewi stakabadhi, na hurudi nyumbani akidhani kwamba ndivyo sheria ilivyo.

Mkopo unaokausha damu

Mtaji ukikatika, mlango ulio karibu huwa ni wa mkopeshaji wa mtaani. Watu wenyewe wameipa mikopo hiyo jina linaloeleza kila kitu: kausha damu. Mama huchukua, kwa mfano, shilingi 100,000 ili arudishe 130,000 ndani ya mwezi mmoja. Mvua ikinyesha siku za gulio, au mtoto akiugua, tarehe hufika na fedha haipo. Hapo huchukuliwa godoro, sufuria na hata cherehani, ambayo ndiyo ilikuwa njia pekee ya kulipa. Wapo wanaokopa kwa mwingine ili wamlipe wa kwanza, na wapo waliokopa bila waume zao kujua, siri ikafichuka kwa talaka.

Uislamu umeiharamisha riba, na katika Suratul Baqara, aya ya 280, tumeelekezwa kwamba mdaiwa aliye katika dhiki apewe muda hadi atakapopata wasaa. Aya ya 282 ya sura hiyo hiyo inaagiza madeni yaandikwe na kushuhudiwa. Laiti maelekezo hayo mawili yangefuatwa vijijini mwetu, nyumba nyingi zingesalimika.

Njia mbadala ipo, ingawa haitembezwi mlango kwa mlango. Tangu mwaka 2018 sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba. Asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Mwaka 2023 Serikali iliisitisha mikopo hiyo ili kuupanga upya utaratibu wake, na mwaka 2024 ikarejeshwa. Kinachotakiwa ni kikundi kilichosajiliwa, chenye katiba, akaunti ya benki na shughuli inayoonekana. Afisa maendeleo ya jamii wa kata ndiye wa kuanzia. Kwa kuwa kuandika katiba na kujaza fomu ndiko kunakowakwamisha wengi, vijana wetu waliosoma hawana udhuru wa kukaa kando huku mama zao wakishindwa kwa sababu ya karatasi.

Mali ya mke na wajibu wa mume

Tumeliacha la mwisho lile linalouma zaidi, kwa kuwa limo ndani ya nyumba zetu. Mume akiona biashara ya mkewe imeanza kusimama, polepole huondoa mkono wake. Leo hatoi fedha ya mboga, kesho hatoi ada, na keshokutwa anataka ahesabiwe mauzo. Mke aliyetafuta nyongeza sasa amebebeshwa mzigo wote.

Mafundisho ya dini yetu hayana utata hapa. Suratun Nisaa, aya ya 32, inathibitisha kwamba wanaume wana fungu lao katika walichochuma na wanawake wana fungu lao katika walichochuma. Aya ya 34 ya sura hiyo inaweka jukumu la matumizi juu ya mume. Bi. Khadija (R.A.) alikuwa mfanyabiashara mwenye mali yake. Imepokewa pia kwamba Zainab, mke wa Abdullah bin Mas'ud (R.A.), alimuuliza Mtume (S.A.W.) kuhusu kumpa mumewe na mayatima waliokuwa mikononi mwake, naye akajibiwa kwamba ana malipo mawili, ya ujamaa na ya sadaka. Tutafakari: lau mali ile ingekuwa ya mume, ingeitwaje sadaka? Mke akichangia nyumba yake anafanya ihsani, na ihsani hushukuriwa. Haigeuzwi kuwa kodi.

Wapo pia wanaomfungia mjane au mtalaka riziki kwa kisingizio cha eda. Imepokewa kutoka kwa Jabir bin Abdullah (R.A.) kwamba shangazi yake wa upande wa mama alikuwa katika eda ya talaka akataka kwenda kuvuna tende zake. Mtu mmoja alimkataza, lakini Mtume (S.A.W.) akamruhusu.

Sheria za nchi nazo zina neno. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inampa mke haki ya kumiliki mali yake mwenyewe. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani iliamua kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango katika mali ya ndoa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa ya kupata na kumiliki ardhi, na hati ya hakimiliki ya kimila inaweza kubeba majina ya mume na mke. Mwenye shamba lisilo na jina lake hulima kwa hisani ya mtu, na hisani huweza kuondolewa siku ya talaka au ya msiba.

Tufanye nini?

Kwa waume, tuanze na lililo jepesi kulitaja na zito kulitenda: tutoe matumizi bila kuulizia mauzo ya mke, na tuchote maji tunapokuwa na nafasi, kwani ndoo haimvunjii mwanamume heshima. Kwa maimamu na walimu wa madrasa, hotuba moja ya Ijumaa kuhusu lumbesa, au kuhusu fungu la binti katika mirathi, itawafikia wanunuzi, wenyeviti wa vijiji na kina baba wakiwa wamekaa safu moja. Kwa kina mama wenyewe, wekeni daftari la mapato na matumizi, daini stakabadhi, na jiungeni katika vikundi vinavyokopeshana bila riba na vyenye hesabu zinazosomwa mbele ya wote.

Nasi wasafiri na wanunuzi tusijitoe. Yule tunayembana kwa shilingi mia moja dirishani mwa basi huenda hiyo ndiyo faida yake yote. Tumlipe haki yake kamili, na tusimwombee riziki kwa ulimi huku tukimpunguzia kwa mkono.