Usanifu wa Jengo la Jamii la Sanaa za Mwilini Mjini Bagamoyo

Makala haya yanafafanua namna usanifu majengo unavyoweza kuzipa makao sanaa za mwilini mjini Bagamoyo: hina na piko, tatoo, na chale za Wamakonde. Mji huu una Taasisi ya Sanaa na Utamaduni (TaSUBa), iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981. Hata hivyo, jukwaa humtenga mtazamaji na msanii, ilhali sanaa ya ngozi hutendeka kwa ukaribu na faragha.

Kila sanaa ina dai lake. Hina huwaketisha wanawake mkekani kwa saa nyingi, hivyo huhitaji ua wenye kivuli. Tatoo hutoboa ngozi. Huhitaji chumba chenye kuta zinazoosheka, maji ya bomba na chombo salama cha kutupia sindano. Chale za Wamakonde, zilizochanjwa kwa kisu na kupakwa masizi, zimesalia zaidi miilini mwa wazee. Huhitaji chumba cha kumbukumbu.

Nyumba za mawe za pwani zinatoa kielelezo: baraza hupokea wageni, ua wa ndani husitiri wenyeji. Suala gumu ni paa. Makuti hupoza jengo, lakini ukumbi wa maonyesho wa chuo hicho uliteketea kwa moto mwaka 2002. Kwa hiyo, makuti yaezekwe kwenye banda lililo mbali, na chumba cha kumbukumbu kifunikwe kwa zege, kwani alama za wazee zikipotea hazichanjwi upya.