Darasa la Matende Kisiwani Mafia

Mtu aliyevimba mguu kwa matende hakuugua jana. Miaka mingi kabla ya uvimbe kuonekana, mbu walimwambukiza minyoo wembamba kama uzi, ambao hukaa katika mishipa ya limfu na kuizuia kurudisha majimaji ya mwili katika damu. Muda huo wote yeye hulima na kuvua samaki bila kujua kwamba anao. Ni vigumu kumshawishi mtu wa namna hiyo ameze dawa ya ugonjwa asioujua.

Kazi hiyo ilimwangukia Dkt. Mwelecele Malecela. Hakuwa tabibu wa wodini. Alisomea elimu ya wanyama katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akajiunga na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu mwaka 1987, kisha akapata shahada ya uzamivu mjini London mwaka 1995. Mpango wa Taifa wa kutokomeza matende, ambao aliuongoza, ulianza mwaka 2000, na wilaya ya kwanza kugawiwa dawa ilikuwa Mafia.

Dawa ni mbili, ivermektini na albendazoli, nazo humezwa pamoja mara moja kwa mwaka. Hupunguza minyoo wachanga walio katika damu, hata mbu akimuuma mtu asipate cha kumpelekea jirani. Lakini minyoo wakubwa huishi miaka kadhaa; hivyo ugawaji hauna budi kurudiwa mwaka hadi mwaka, na anayeacha kumeza huendelea kuwa hatari kwa wenzake.

Kwa sababu hiyo mpango ulihitaji walimu kuliko madaktari. Mgawaji dawa wa kijijini hufundishwa kupima kimo cha mtu kwa fimbo yenye alama ili ajue idadi ya vidonge, na kutowapa wajawazito, watoto wadogo na wagonjwa mahututi. Mtumishi wa maabara hufundishwa kutoa damu usiku, kwani mchana minyoo wachanga hujificha katika mishipa ya mapafu. Mwenye matende, ambaye vidonge havitaurudisha mguu wake kuwa kama zamani, hufundishwa kuuosha kwa sabuni kila siku, kuukausha vizuri kati ya vidole na kuuinua anapopumzika. Mwenye mabusha huelezwa kwamba upasuaji humponya.

Mwaka 2010 Dkt. Malecela alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa Mkurugenzi Mkuu wa Taasisi hiyo. Mwaka 2018 alikabidhiwa idara ya magonjwa yaliyosahaulika katika Shirika la Afya Duniani, Geneva, akaitumikia hadi alipofariki Februari 2022.

Mwanafunzi wa udaktari anayesoma habari za minyoo kitabuni hana budi kuikumbuka Mafia. Kuitambua dawa ni nusu ya elimu yake. Nusu ya pili ni kumweleza mvuvi asiye na maumivu kwa nini aimeze, na kumweleza tena mwaka ujao.