Opereta ya Paris Kati ya Vita Kuu Mbili

Opereta, yaani mchezo wa kuchekesha wenye mazungumzo na nyimbo, ilikuwa na mizizi mirefu jijini Paris. Mtunzi Jacques Offenbach alianzisha ukumbi wa Bouffes-Parisiens mwaka 1855. Sura mpya ya opereta ilizaliwa katika ukumbi wenye jina hilohilo tarehe 12 Novemba 1918, siku moja baada ya mapigano ya Vita Kuu ya Kwanza kusitishwa, Phi-Phi ilipooneshwa kwa mara ya kwanza. Muziki ulikuwa wa Henri Christiné, maneno ya Albert Willemetz na Fabien Sollar. Katika hadithi yake, mchongaji Phidias wa Ugiriki ya kale anatafuta binti wa kumchonga awe sanamu ya Maadili Mema, naye Aspasia anayemwokota njiani hana habari na maadili yoyote. Mavazi yalikuwa ya kale, lakini utani, mafumbo na tabia vilikuwa vya Paris tupu. Watu waliochoshwa na miaka minne ya misiba waliupokea mchezo huo kwa mikono miwili.

Mtindo huo ulifaa kumbi ndogo. Okestra ilipunguzwa, na midundo ya foxtrot, tango na jazi ikaingia mahali pa waltz. Jambo kubwa zaidi ni kwamba neno lilitawala sauti. Mwigizaji hakuhitaji koo la opera. Alihitaji kutamka kila silabi isikike, maana kichekesho kilikuwa ndani ya vina. Ndiyo maana Maurice Chevalier, kijana wa kumbi za burudani, aling’ara katika Dédé ya Christiné mwaka 1921. Bingwa wa vina hivyo alikuwa Willemetz, na mwenzake wa karibu Maurice Yvain, aliyetunga muziki wa Ta bouche (1922).

Opereta ya Yvain iliyodumu zaidi ni Pas sur la bouche ya 1925, kwa maneno ya André Barde. Georges anaamini kwamba mwanamke hufungwa milele na mwanamume wake wa kwanza, na anajivunia kuwa ndiye huyo kwa mkewe Gilberte. Hajui kwamba mkewe aliwahi kuolewa na Mmarekani, na Mmarekani huyohuyo sasa anakuja nyumbani kwao kibiashara. Kejeli yote imejengwa juu ya majivuno ya mume.

Wasomi wa muziki nao hawakujitenga. André Messager, aliyeongoza okestra opera ya Debussy, Pelléas et Mélisande, ilipozinduliwa mwaka 1902, alitunga L’amour masqué mwaka 1923 pamoja na mwandishi Sacha Guitry, kwa ajili ya mwimbaji Yvonne Printemps. Mwaka huohuo Reynaldo Hahn, mzaliwa wa Caracas, alitoa Ciboulette, hadithi ya muuza mboga katika soko la Les Halles. Hiyo ilirudi kwenye adabu ya karne ya 19, na kwa uzuri wa muziki pekee ndiyo inayoongoza kundi zima. Arthur Honegger alifuata na Les aventures du roi Pausole mwaka 1930.

Ushindani ulitoka Marekani. Opereta Rose-Marie iliingia ukumbi mkubwa wa Mogador mwaka 1927 ikiwa na fahari ya jukwaa ambayo kumbi ndogo zisingeimudu, ikachezwa zaidi ya mara 1,000. Mwaka uliofuata Chevalier alihamia Hollywood, kisha filamu zenye sauti zikawavuta watazamaji wengine. Katika miaka ya 1930 mtunzi Vincent Scotto na mwimbaji Alibert waliipa opereta uhai mwingine kwa vichekesho vya Marseille, lakini ule ujanja wa maneno ulikuwa umepungua.

Mwaka 2003 mwongozaji Alain Resnais aliigeuza Pas sur la bouche kuwa filamu, akiiacha katika mazingira yake ya 1925. Msomaji anayetaka kuijua opereta hii aanzie hapo.