Kushusha Gari kwa Bajeti Ndogo: Fundi Alipwe Baada ya Matuta

Gari lililoshushwa linapendeza, hilo hatubishani. Subaru Impreza ikilala chini kidogo, magurudumu yakajaa kwenye fenda, hata asiyependa magari anageuka kuitazama. Shida huanza ukimwambia fundi huna pesa nyingi. Jibu linakuja haraka: "Tukate springi tu, bosi. Nusu saa umeondoka."

Hiyo ya kukata hatuipendi hata kidogo. Springi ikikatwa haifupiki tu, inakuwa ngumu pia. Chukua yenye mizunguko 6 inayofanya kazi: toa mmoja, ugumu unapanda kwa asilimia 20. Shoki zako ziliundwa kwa springi ndefu na laini, kwa hivyo gari linaanza kurukaruka na shoki zinakufa mapema. Halafu gurudumu likining'inia juu ya shimo, springi fupi inaweza kutoka mahali pake. Sasa fikiria hilo likupate Thika Road na watoto wako nyuma. Wengine huchoma springi kwa moto ilegee. Hao ndio wabaya zaidi, maana moto unaua nguvu ya chuma.

Njia ya bajeti tunayoikubali ni springi fupi zilizotengenezwa kwa modeli ya gari lako, seti nzima ya nne. Nyingi hushusha gari kwa milimita 25 hadi 40, na kwa matuta yetu hiyo inatosha kabisa. Za mtumba kutoka Japani zipo, pale Kirinyaga Road, wengi wanapaita Grogan, na hata mtandaoni. Nenda na kodi ya chesisi, kwa sababu springi ya Impreza GD usidhani itaingia GH. Ukinunua na shoki za mtumba, angalia kama zinavuja mafuta.

Kwenye hesabu watu husahau alainimenti. Gari likishuka, pembe za magurudumu zinabadilika, na usiporekebisha, tairi zitaliwa upande wa ndani. Kwa hivyo kabla ya kuanza uwe na pesa ya spea, ya fundi na ya alainimenti. Huna zote? Weka shilingi 200 kila siku kwenye akiba ya simu. Siku 90 zikiisha una 18,000. Ni polepole, lakini si mkopo.

Sasa kulipa, na hapa ndipo tunasikia vilio vingi. Muuzaji wa mtandaoni anatuma picha safi, bei tamu, kisha: "Tuma kitu kidogo nikuwekee, kuna mtu anakuja saa hii." Usitume. Mwambie utalipa ukiishika springi mkononi. Ukifika dukani, lipa kwa till ya duka, si namba ya mtu binafsi, na usome jina linalotokea kabla ya kuweka PIN. Jina likiwa geni, simama uulize. Pesa ikishatolewa na tapeli, kuirudisha ni kazi ngumu.

Spea nunua mwenyewe, fundi mlipe kazi yake peke yake. Mkubaliane mapema: sehemu akianza, iliyobaki baada ya majaribio. Jaza gari watu wanne, mpite kwenye matuta polepole, mkate kona hadi mwisho wa usukani. Ukisikia tairi inasugua fenda au kitu kinagonga, mrudi garaji kabla hujamalizia malipo. Hiyo salio ndiyo itamfanya fundi achukue spana tena bila kununa. Ujumbe wa malipo usiufute. Ndio risiti yako mkibishana baadaye.

Mpigie wakala wako wa bima pia, umwambie umebadilisha nini. Na zile springi za kwanza usiziache kwa fundi. Zifunge kwenye gunia uweke nyumbani, kwa sababu siku ya kuuza gari, mnunuzi wa kule mashambani atataka lirudi juu.