Kanga wa Kilangali: Hukumu za Anayekwenda Kuwinda Mara ya Kwanza



Siku moja ya kiangazi, baada ya sala ya Alasiri, walitujia vijana watatu na mfuko wa sandarusi. Ndani yake mlikuwa na kanga saba. Walikuwa wametoka Kilangali, wilayani Kilosa, ambako mjomba wa mmoja wao, mwenye bunduki ya marisau na vibali vyake, aliwachukua kuwinda kwa mara ya kwanza katika maisha yao. Swali lao lilikuwa fupi: "Sheikh, nyama hii halali?" Nasi tukawauliza: Mlipowafikia, wangapi walikuwa hai? Wakatazamana. Wawili walikuwa bado wanapapatika, wakachinjwa. Watano walikutwa wamekufa, na mmoja katika hao watano aliopolewa mferejini, kando ya mashamba ya mpunga. Na kisu? Kisu kilikuwa kimebaki garini. Mmoja wao alikikimbilia kila mara.

Tumeona vyema tuyaandike tuliyowajibu, kwa sababu wengi hupanga safari ya kuwinda kwa kuhesabu risasi, mafuta ya gari na chakula, na hukumu ya nyama wakaikumbuka jioni ndege wakiwa wameshapoa.

Kwanza, kuwinda ni jambo la halali kwa Qur'ani, Sunna na ijmai. Sura ya Al-Maidah imehalalisha kilichokamatwa na wanyama waliofunzwa, na imekataza mawindo ya nchi kavu kwa aliye katika ihramu. Kanga na kwale wote ni halali, kwani si ndege wenye kucha za kurarua aliowakataza Mtume (S.A.W.). Ad-Damiri, mwanachuoni wa Kishafii wa Misri aliyefariki mwaka 808 H (1405), ana kitabu kizima cha wanyama na hukumu zao, na humo amewataja durraj, ambaye ni wa jamii ya kwale, na tadruj, ndege mwenye mkia mrefu ambaye Wazungu humwinda sana katika nchi zao. Tadruj hatuna porini kwetu. Ndugu zake wa karibu hapa ni hao kwale, na kanga hayuko mbali nao.

Lakini si kila kwale ni wa kupigwa. Mwaka 1991 wataalamu walimtambua katika misitu ya Udzungwa kwale ambaye jamaa zake wa karibu wako Asia, na baadaye akapatikana mwenzake katika milima ya Rubeho, ambayo sehemu yake imo Kilosa. Hao ni wachache mno, hawapatikani kwingine duniani. Mwindaji abaki uwandani na awaache wa milimani.

Tuje kwenye bunduki, kwani hapa ndipo penye tatizo. Neno lenyewe ni la Kiarabu. Bunduq ni kokwa ndogo ya duara. Kisha likawa jina la kidonge cha udongo kilichokaushwa, kikirushwa kwa upinde maalumu kuangusha ndege. Mchezo huu ulipendwa sana Baghdad, hata Khalifa an-Nasir, aliyetawala kuanzia 1180 hadi 1225, aliuwekea utaratibu na vyama vyake. Ilipokuja baruti, jina likahamia kwenye chombo cha moto, na kwa jina hilo kikafika pwani yetu.

Wanavyuoni wa kale walipoandika kuwa kilichouawa kwa bunduqa si halali, walikusudia kile kidonge cha udongo. Msingi wao ni Hadithi ya Adiyy bin Hatim (R.A.), waliyoipokea Bukhari na Muslim. Adiyy alikuwa mwindaji, naye aliuliza maswali ya mwindaji. Alijibiwa kwamba fimbo ikipiga kwa ncha yake ikatoboa, mnyama ataliwa. Ikipiga kwa ubavu wake, huyo ameuawa kwa kipigo, haliwi. Basi kinachohalalisha ni kitu kikali kinachotoboa au kukata. Kishindo na uzito havihalalishi.

Je, marisau yanatoboa au yanaponda? Hapa wanavyuoni wamekhitalifiana. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo ya wengi Afrika Mashariki, Ibn Hajar al-Haytami (aliyefariki 974 H, sawa na 1567) aliitaja katika Tuhfa bunduki ya chuma inayorushwa kwa moto, akaikataza kwa kuwa huua upesi, ila akaona kwamba huenda ikajuzu kwa bingwa anayejua kuwa atampata ubawani tu na kumzuia. Kwa mujibu wa kauli hii, kanga aliyekufa kwa marisau kabla ya kisu ni kibudu. Upande wa pili, ash-Shawkani wa Yemen (aliyefariki 1250 H, sawa na 1834) alisema kuwa risasi inapenya mwilini, kwa hiyo mawindo yake ni halali ikiwa mpigaji alisoma Bismillahi. Wanavyuoni wengi wa zama zetu wameifuata kauli hiyo.

Sisi hatumtii dhambini aliyefuata rai ya Shawkani, wala hatumvunjii mtu sufuria lake. Lakini anayepanga safari ana nafasi ambayo aliyekwisha kula hana: anaweza kupanga asiihitaji khitilafu hiyo kabisa. Apange namna ya kumfikia ndege akiwa hai.

Kwa hivyo kisu kikae kiunoni mwa kila anayekimbilia ndege, na kiwe kikali. Imamu Nawawi katika Minhaj, kitabu kinachosomeshwa katika darsa nyingi za pwani yetu, anasema kwamba mwindaji aliyemdiriki mnyama hai kisha akafa bila kuchinjwa kwa sababu hakuwa na kisu, au kisu kilikwama alani mwake, mnyama huyo ni haramu. Hukumu hii inahusu hata mshale, ambao hauna khitilafu! Tuliposoma mlango huu ujanani tuliona ni mambo ya kubuni tu: nani kisu chake kitamkwamia? Vijana wa Kilangali wametufundisha kuwa kuna na kinachokwama garini. Akaguliwe kisu na ala yake nyumbani, kabla ya safari.

Apige kwa umbali ambao atafika upesi. Kanga hupenda kukimbia kwa miguu kabla ya kuruka, na aliyejeruhiwa hujificha majanini. Mpigaji mmoja awe na wenzake wawili wa kumfuata. Asipige ndege aliye juu ya maji. Adiyy aliambiwa kuwa mawindo yakianguka majini yasiliwe, kwani haijulikani kama ni mshale uliomuua au ni maji. Na Kilangali ni nchi ya mpunga, mifereji na mabwawa hayakosekani. Akimpata hai, amkate koromeo na umio pamoja, ataje jina la Mwenyezi Mungu. Bawa lililokatika kabla ya kuchinjwa halifuati hukumu ya mwili. Hilo ni maiti, litupwe.

Bismillahi kwetu ni sunna, lakini maimamu wengine watatu wameiona ni sharti kwa anayekumbuka. Aisome wakati wa kufyatua, na tena wakati wa kuchinja. Akiwa na mbwa, aulize kwanza kama kibali chake kinamruhusu, na ajue kuwa mahali palipoumwa na mbwa ni najisi kwetu: pataoshwa mara saba, moja kwa udongo, wala si lazima nyama ikatwe na kutupwa. Manati ya watoto inaingia katika alichokikataza Mtume (S.A.W.) cha kurusha vijiwe, kwa kuwa huvunja jino na kutoboa jicho tu.

Sasa ardhi. Wengi hudhani pori ni la kila mtu. Kwa Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, lakini imegawanywa: ya vijiji, ya hifadhi na ya jumla. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964 na yenye kilomita za mraba 3,230, haiwindwi kabisa, na haiko mbali na Kilangali. Ndege haoni mpaka, lakini mwindaji anawajibika kuujua, na ndege aliyejeruhiwa akivukia ndani asifuatwe na bunduki. Fiqhi yetu inalijua jambo hili. Mtume (S.A.W.) alikataza kuwinda katika haramu ya Madina, na Umar (R.A.) aliihifadhi ar-Rabadha kuwa himaa kwa maslaha ya Waislamu wote.

Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inawahesabu wanyamapori wote kuwa mali ya umma, na hairuhusu kuwinda bila leseni. Silaha nayo ina sheria yake ya 2015. Mwindaji aende kwa Afisa Wanyamapori wa Wilaya au ofisi ya TAWA, mamlaka iliyoanza kazi mwaka 2016, aulize msimu, aina ya ndege, idadi na eneo, na apate majibu kwa maandishi. Akiwinda bila kibali na akachinja sawasawa, nyama si kibudu, kama ambavyo kuchinja kwa kisu cha wizi hakumharamishi mbuzi. Ila amechukua mali ya umma bila idhini, na kwa maoni yetu hilo halina wepesi wanaoudhani watu.

Kisha aende kwa serikali ya kijiji na kwa mwenye shamba. Kanga hushuka kwenye mashamba yaliyovunwa kuokota nafaka, lakini jirani huenda hajavuna. Mpunga ukikanyagwa, ni dhamana juu ya aliyeukanyaga. Na wilaya hii ina majeraha yake. Mnamo Desemba 2000, Rudewa Mbuyuni, mapigano ya wakulima na wafugaji yaliua watu zaidi ya 30. Mgeni mwenye bunduki anayetembea alfajiri bila kujulikana huwatia watu hofu, na kumtia Mwislamu hofu kumekatazwa.

Usiku asiwinde. Kanga hulala mitini, na wapo wanaowamulika kwa tochi wakawaokota kama maembe, sheria inakataza. Baadhi ya ndugu hutoa dalili ya Hadithi ya kuwaacha ndege mahali pao, lakini Imamu Shafii aliieleza kuwa inahusu ndege ya bahati, yaani kumfukuza ndege ili kutazama upande anaorukia. Kwa hiyo tusiipe Hadithi kazi isiyo yake. Sheria ya nchi na huruma vinatosha.

Anayetoka Dar es Salaam atapunguza sala, anayetoka Kilosa mjini hatapunguza. Wote wawili wasali kwa wakati wake, kwani imepokewa kwamba anayefuata mawindo hughafilika, nasi tumeyaona hayo kwa macho yetu.

Wale vijana watatu walichukua kanga wawili. Watano tuliwashauri wasiwapeleke nyumbani kwa mama zao, nao wakakubali, ingawa mmoja aliuangalia mfuko kwa muda mrefu. Walirudi tena Kilangali mwezi uliofuata, kibali mkononi, visu vitatu viunoni. Walipata kanga watatu tu, na wote walikuwa wamechinjwa.