Reli ya Eldoret na Nafasi Finyu ya Abiria

Reli ilifika Eldoret mwaka 1924 ikitokea Nakuru, na mwaka 1931 ikafika Kampala. Hata hivyo, msafiri wa leo anayetoka Eldoret kwenda Nairobi hutegemea zaidi basi au matatu, ilhali treni za mizigo za Malaba, mpakani na Uganda, hupita mjini humo. Chanzo si uhaba wa mabehewa peke yake, bali pia uwezo wa njia, yaani idadi ya treni ambazo reli inaweza kuzipitisha salama kwa siku.

Njia hii, yenye upana wa mita moja, ni moja tu kwa treni za kwenda na za kurudi, kwa hiyo treni mbili haziwezi kupishana ila stesheni, ambako moja huingia njia ya kando na kuisubiri nyingine. Ikiwa mwendo kati ya stesheni mbili ni dakika 30, treni ya kwenda na ya kurudi hutumia saa nzima, kwa hiyo siku haiwezi kupitisha zaidi ya treni 24 kila upande, na kiuhalisia ni chache zaidi. Kasi ikipunguzwa kwa nusu, pengine kwa sababu mataruma, yaani vipande vinavyoshikilia reli, yamelegea, au kokoto zimesombwa na mvua, idadi hiyo hushuka hadi 12, hata kama injini zote ni nzima. Tena kipande kibovu kuliko vyote ndicho kinachoamua uwezo wa njia nzima.

Kwenye reli ya Eldoret, tatizo hilo huwa kubwa zaidi mlimani. Kutoka Nakuru, treni hupanda kupitia Rongai na Maji Mazuri hadi Timboroa, penye mwinuko wa zaidi ya mita 2,700, kisha huteremka kupitia Ainabkoi. Treni ya mizigo hujikokota kwenye mwinuko huo, na ya abiria, ingawa ni nyepesi, haiwezi kuipita.

Usimamizi wa njia hii nao umeyumba: Shirika la Reli la Afrika Mashariki, lililoiendesha, lilivunjika mwaka 1977. Mwaka 2006 uendeshaji ulikabidhiwa kampuni ya Rift Valley Railways kwa mkataba wa miaka 25, uliovunjwa mwaka 2017, mwaka uleule reli ya kisasa ya Mombasa hadi Nairobi ilipofunguliwa. Njia ya zamani kuelekea Malaba ilikarabatiwa baadaye, lakini hasa kwa ajili ya mizigo, na pale nafasi inapokuwa haba, abiria ndiye anayeachwa kwanza, jambo linaloumiza mji wenye wanafunzi na wafanyabiashara wengi kama Eldoret.

Hata Ujerumani haikusalimika na uhaba wa nafasi relini. Huko treni za kasi mara nyingi hutumia njia zilezile za mizigo, na baada ya miaka mingi ya uwekezaji mdogo, ni asilimia 62.5 tu ya treni za masafa marefu zilizofika kwa wakati mwaka 2024, yaani bila kuchelewa dakika sita au zaidi. Mwaka huohuo njia ya Frankfurt hadi Mannheim ilifungwa kwa miezi mitano ili ifumuliwe na kujengwa upya.

Kwa Eldoret, fedha za kwanza zingefaa zielekezwe kwenye njia za kupishana na mataruma ya mwinuko wa Timboroa, kabla ya mabehewa mapya, kwa kuwa behewa jipya linalopanda Maji Mazuri nyuma ya treni ya mizigo litakwenda kwa mwendo wa treni hiyohiyo.